Hesabu kwanza watakaohama: namna ya kuanzisha kwaya ya kina mama wa familia za wanajeshi

Kwaya yetu ya kwanza hapa Tanga iliimba kwa miezi, kisha ikafa ndani ya wiki tatu. Tulikuwa kina mama 14, na tulishafika mahali pa kuimba hadi wapita njia wa Chumbageni wanasimamisha baiskeli nje ya dirisha wasikilize. Kisha uhamisho ukatoka. Mama aliyekuwa akituanzishia nyimbo zote akaenda Tabora na mumewe. Wiki iliyofuata wakaondoka wawili wa sauti ya kwanza. Jumanne moja tukakusanyika tuliobaki, tukasimama kama kawaida, tukatazamana. Hakuna aliyejua pa kuanzia, maana miezi yote hiyo tulikuwa tunamfuata yule mmoja. Tukanywa chai, tukarudi majumbani, na hatukuimba tena kwa mwaka mzima.

Haya ninayoandika nimeyapata kwenye kwaya ya pili, ambayo ingali hai. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu alistaafu akiwa sajini, na kabla ya kutulia Tanga nilihama naye mara sita. Nimefunga vyombo Mtwara, nimefungua Monduli, nimefunga tena. Watu wa Tanga wana kauli yao, "waja leo, waondoka leo", na mke wa askari huiishi kauli hiyo kila mji anaopangiwa mumewe.

Basi kama wewe ni mke, mama, binti, dada au mjane wa mwanajeshi, au wewe mwenyewe ndiye mwanajeshi, na unataka kuwakusanya wenzako mwimbe, anza na swali ambalo sisi hatukuliuliza: nani kati yetu atakuwa amehama mwakani? Jibu ni yeyote. Kila kitu kipange kwa jibu hilo, kuanzia namna mnavyogawana sauti hadi kanga mnazovaa.

Jina, siku na saa

Neno "kwaya" lilitupotezea watu mwanzoni. Kwa wengi wetu kwaya ni ya kanisani, na kina mama Waislamu walidhani wanaalikwa kwenye ibada isiyo yao. Mimi nimelelewa na kasida za madrasa. Jirani yangu, tuliyepakana ukuta mmoja kota, amekulia kwenye kwaya ya Kilutheri tangu akiwa mtoto wa Sunday school. Tulikaa barazani kwangu usiku mmoja tukakubaliana: kwenye barua na mbele za watu tutajiita kikundi cha kuimba cha kina mama, na neno kwaya tutalitumia wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akishajua ni kitu gani. Tukakubaliana pia kwamba nyimbo za ibada, zangu na zake, zibaki nyumbani kwake Mungu. Tunaimba za kulea, za kusubiri, za kazi, za harusi. Kabla ya kuanza tunakaa kimya kidogo, kila mtu aombe anavyojua.

Siku yetu ni Jumanne. Ijumaa haiwezekani, Jumapili haiwezekani, Jumamosi tuna Wasabato wawili, na Alhamisi makwaya mengi ya makanisa hufanya mazoezi, hivyo ukiichukua unawagombanisha watu na waumini wenzao. Uliza kabla ya kupanga.

Saa ndiyo muhimu zaidi. Tunaanza saa kumi jioni, tunamaliza saa kumi na moja na nusu, na hatuzidishi hata kama wimbo umenoga. Magharibi inakaribia, na baada ya magharibi ni muda wa simu za walio mbali kwenye misheni za kulinda amani. Mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, Jamhuri ya Afrika ya Kati wako nyuma kwa saa mbili. Askari akitoka zamu saa kumi na mbili jioni kwao, kwetu ni saa moja usiku kwa wa Kongo na saa mbili kwa wa Afrika ya Kati. Mwanamke ambaye mume wake yuko misheni anajua dakika ile vizuri kuliko adhana. Ukimchelewesha mara moja akaikosa simu, Jumanne ijayo hutamwona, na haki iko upande wake.

Ramadhani tunaanza saa tisa, tunakaa mkekani, hakuna ngoma, tunajifunza maneno tu kwa sauti ya chini. Koo kavu haliimbishwi.

Fanyeni mazoezi nje ya geti

Utashawishika kuomba bwalo la kambini. Lipo karibu, ni bure, lina umeme. Nakusihi usifanye hivyo.

Katika kwaya ile ya kwanza tulikuwa tunaimba ndani. Mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe, na baada ya shughuli zote za msiba akatoka kota, akapanga chumba Ngamiani na watoto wake. Jumanne alikuja kama alivyozoea. Mlinzi wa zamu siku hiyo alikuwa mgeni, hamjui, naye hakuwa tena na kitambulisho cha kumwingiza. Akarudishwa. Alirudi Ngamiani kwa miguu na chupa ya chai mkononi, kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kuleta chai. Sisi tulikuwa ndani tunaimba, hatukujua. Nilipoambiwa kesho yake nilikwenda kwake nikakaa naye hadi usiku, na sikuwa na la kumwambia.

Mlinzi alifanya kazi yake. Kosa lilikuwa letu, tulichagua mahali ambapo mwanamke akifiwa anapoteza na wenzake. Yuko pia mama mzazi wa askari anayekaa Makorora, yuko binti aliyeolewa na raia, yuko mstaafu kama sisi. Wote hawa geti linawahesabu kuwa wageni.

Sisi sasa tunatumia darasa la shule ya msingi, watoto wakishatoka. Tulimwandikia mwalimu mkuu, tukampitishia mwenyekiti wa mtaa barua ya kumjulisha, na nakala tukaipeleka kwa mkuu wa kikosi. Ya mkuu wa kikosi msiiache, hata kama mko nje. Wanaume wenu wako chini yake, na akisikia habari zenu kwa mtu mwingine ataona mmemficha. Ukurasa mmoja unatosha: sisi ni akina nani, tunakutana wapi na lini, tunaimba nini. Kisha andikeni wazi mambo mawili. Hatutapiga picha wala video ndani ya kambi. Hatutaimba wala kutaja mahali askari walipo, namba za vikosi, wala siku za kuondoka na kurudi. Sisi tulipoiandika barua hiyo vizuri, jibu lilikuja upesi kuliko tulivyotegemea.

Darasa mnaliacha safi kuliko mlivyolikuta. Fagio tunakuja nalo.

Vyeo vibaki mlangoni

Hili ndilo lililonipa kazi kubwa, kubwa kuliko sauti.

Siku moja alikuja mke wa meja. Mama mpole, kaja na khanga yake kichwani, kavua viatu mlangoni. Watu wote waliokuwa wamekaa mkekani wakasimama. Mmoja akakimbia kuchukua kiti cha mwalimu, akakifuta vumbi, akakiweka mbele. Yule mama akakaa kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Ana sauti nzito nzuri sana, sauti ya pili halisi, na mtu aliyefanana naye kabisa kwa sauti alikuwa mke wa koplo aliyekaa nyuma kabisa karibu na kabati. Kwa wiki nne wale wawili hawakusikilizana hata mara moja, mmoja akiwa kitini na mwingine ukutani, na sauti ya pili ikawa inayumba.

Wiki ya tano nilisimama nikasema, kwa heshima, kwamba humu ndani tunapangwa na sauti ya koo. Kiti nikakirudisha mezani. Yule mama ndiye aliyenyanyuka kwanza, akaenda kukaa chini pembeni ya mke wa koplo, akamwuliza, "Mwanangu, huu mstari unauingiaje?" Kuanzia siku hiyo sauti ya pili ikasimama.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa sema sheria hizi mwenyewe, usimwachie mtu mwingine. Wote mkekani au wote tumesimama, kiti ni cha mjamzito na mwenye maumivu ya miguu. Tunaitana kwa majina ya watoto wetu au dada, umri ukizidi tunaongeza shikamoo, na cheo cha mume hakitajwi. Wanajeshi wa kike waje na nguo za kiraia ili wasilazimike kupigiana saluti mlangoni. Zamu ya chai hupangwa kwa sauti, wiki hii ya kwanza, wiki ijayo ya pili, hivyo mke wa ofisa na mke wa askari wa kawaida watakata mihogo pamoja. Utaona mazungumzo yanayotoka kwenye ile mihogo.

Kuzipata sauti

Usimfanyie mtu usaili. Mwanamke aliyehama mara tano ameshasailiwa na kila jirani mpya, hahitaji wa sita.

Anzeni kwa pumzi. Simameni, miguu ipishane kidogo, kila mtu aweke kiganja chini ya mbavu. Vuta kwa hesabu ya nne hadi kiganja kisogezwe na tumbo, mabega yasipande. Toa kwa hesabu ya nane kwa mlio wa "sss", polepole, isikatike. Rudieni mara sita. Ukitoa pumzi taratibu hivyo mapigo ya moyo yanapungua na mwili unatulia, na hili unaliona kwa macho. Mwenzetu mmoja mumewe alikuwa misheni mwezi wa tatu, usiku halali. Baada ya zoezi la pumzi alikaa mkekani, akaegemea ukuta, akapitiwa na usingizi hadi tulipomaliza. Tukaimba polepole. Hakuna aliyemwamsha.

Kujua nani ni sauti gani, mwambie abishe hodi. Atoke nje ya mlango, abishe hodi kama anavyobisha kwa shoga yake, kisha airefushe: "Hodiiii!" Pale sauti yake inapotua yenyewe, bila kulazimisha, ndipo nyumbani kwake. Zinazotua juu ziende dirishani, zinazotua chini ziende ukutani. Ndani ya robo saa mna sauti mbili, na kila mtu ameshafungua mdomo bila kuona haya.

Mbaki na sauti mbili. Jirani yangu wa kwaya ya kanisani alitamani nne, na mimi nilitamani alichokitamani, ila kila sauti unayoongeza ni pengo jingine uhamisho ukitoka. Tukiwa zaidi ya ishirini tunaongeza ya tatu kwenye wimbo mmoja au miwili, si zaidi.

Nyimbo chagueni zenye kiongozi na kiitikio. Kiitikio kisizidi mistari minne. Mtu aliyeshuka basi jana kutoka Songea aweze kukishika Jumanne hiyohiyo, aimbe nanyi kabla hajajua majina yenu. Huo ndio mtihani wangu wa wimbo: mgeni ameimba au amekaa anatazama? Akitazama wiki mbili, wimbo ni mgumu, tunaupunguza.

Kuanzisha msimwachie mtu mmoja. Kila wimbo una waanzishaji watatu wanaopokezana beti, hata kama mmoja ana sauti ya asali na wengine wawili ni ya kawaida. Nakuomba uwe mkali hapa. Watu watakwambia, "Mwache yule, yeye ndiye anajua." Ndivyo walivyoniambia mimi.

Na kila mwanamke awe na pacha wake wa sauti. Wawili wawili, wa sauti moja, wanaosimama bega kwa bega na kujifunza mistari ileile. Wachague wanaokaa mbali, au wenye waume wa vikosi tofauti, ili karatasi moja ya uhamisho isiwachukue wote. Mmoja akiondoka, aliyebaki anaubeba mstari, na mgeni wa kwanza atakayekuja anapewa huyo awe pacha wake.

Tunafundishana kwa mdomo, mstari kwa mstari, mimi natamka, wao wanarudia, kisha tunaweka sauti. Maneno yakishaingia ndipo jirani yangu anaandika ubaoni do, re, mi. Wapo waliokuja hawajui na sasa wanaisoma kwa kidole. Shingo zikianza kurefuka kwenye mstari wa juu, acheni, anzeni upya chini kidogo. Wimbo ulioshushwa unasikika vizuri kuliko mishipa iliyosimama.

Mwisho wa mwezi tunarekodi. Simu inawekwa mezani juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, ili meza isivume. Sauti ya kwanza inaimba peke yake, ya pili peke yake, kisha wote. Rekodi tatu, zinatumwa kwenye kundi letu la WhatsApp na jina la wimbo. Aliyekosa kwa sababu ya mtoto mgonjwa anajifunza akiosha vyombo, na aliyehama anaondoka na kwaya nzima mfukoni.

Masika darasa lenye bati haliimbiki. Mvua ikishuka msishindane nayo kwa kupayuka, mtaamka hamna sauti. Siku hizo tunajifunza kucheza, hatua mbili kushoto, moja nyuma, na watoto wanatupigia manyanga. Ndiyo, watoto wanakuja. Watandikieni mkeka wao na mpange binti mmoja mkubwa awaangalie, mkimlipa chochote.

Wimbo wenu wenyewe

Huko Uingereza, mwaka 2010, wake wa askari wa kambi ya Catterick walianza kuimba pamoja waume zao wakiwa vitani Afghanistan. Wakafuatwa na kambi nyingine, na Desemba 2011 kwaya ya wake wa wanajeshi ilitoa wimbo ulioshika nafasi ya kwanza kwa mauzo nchini humo wiki ya Krismasi. Maneno ya wimbo ule yalitolewa kwenye barua walizoandikiana na waume zao. Niliposikia habari hiyo, kilichonishika ni zile barua. Sisi hatuandikiani barua, tunatumiana meseji. Nikasema basi tuanzie hapo.

Fanyeni hivi. Kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi sentensi moja aliyomtumia aliye mbali, au aliyotumiwa. Bila jina, bila mahali. Ikunjwe, itupwe kwenye ungo. Ungo upepetwe kidogo karatasi zichanganyike, kisha mtu mmoja asome zote kwa sauti, taratibu, bila kutoa maoni. Siku ile tulikuwa 19. Karatasi saba zilikuwa na neno moja: "Mmekula?" Wanaume saba, wa vyeo tofauti, wako wanakojua wao, na wote wanauliza kama watoto wamekula. Hatukuweza kuendelea kwa muda. Mama wa Makorora, ambaye mwanawe ndiye askari, alisema, "Mimi ndiye ninayemwuliza yeye hivyo," na akaanza kulia, na tukamwacha alie.

Iliyotupa wimbo ilikuwa ya mtu aliyeandika: nibipu ukifika. Tuliipanga kwa mizani nane, kwa sababu mstari wa mizani nane unaingia mdomoni wenyewe kwa yeyote aliyekulia kwenye lugha hii:

Ukifika we nibipu,
nijue kama wafika.
Usiseme uko wapi,
sauti yako yatosha.

Ndicho kiitikio chetu. Hesabuni mizani kwa vidole, mstari ukizidi tafuteni neno fupi, msiukimbize. Na msikazane na vina mkapoteza ukweli, kama mnavyoona hapo hatuna vina. Mkishaona wimbo umekuwa wenu na watu wanaanza kuuomba, usajilini Ofisi ya Hakimiliki, kwa jina la kikundi, asije mtu akaurekodi akajiita mtunzi.

Siku ya habari mbaya

Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani pale Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Yeyote aliyekuwa na mtu Kongo wiki ile anakumbuka alikuwa amesimama wapi. Simu zililia nchi nzima, na meseji zilisambaa zenye majina, mengine ya watu waliokuwa hai.

Kwa hiyo kwaya iwe na sheria yake mapema, wakati hakuna kilichotokea. Jina la aliyefariki au kujeruhiwa halitajwi mazoezini wala kwenye kundi la simu mpaka jeshi lenyewe limefika kwa familia na familia imesema. Hata kama unalijua. Hata kama shemeji yako yuko palepale. Anayetuma anatolewa kundini siku hiyohiyo, na mimi nimewahi kumtoa rafiki yangu.

Mazoezi siku hiyo yasifutwe. Darasa lifunguliwe, mkeka utandikwe, chai iwepo. Asiyetaka kuimba akae. Tulichogundua ni kwamba watu wanaweza kuvuma pamoja bila maneno, midomo imefungwa, sauti moja ya chini, kwa muda mrefu. Kuvuma hakumlazimishi mtu kusema kitu asichonacho. Mkienda msibani, mwulizeni kwanza mwenye msiba na wazee wake kama wanataka kuimbiwa. Kwa wengi wetu Waislamu hakuna kuimba pale, basi tunakwenda kama wanawake wengine, tunamenya vitunguu na kuchota maji.

Kanga, hela na siku ya kwanza mbele za watu

Sare isikaribiane kabisa na ya jeshi. Wapo watakaopendekeza kitambaa cha mabaka ili "tuonekane sisi ni wa jeshi". Kataeni. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na mtawaletea waume zenu matatizo kazini.

Sisi tunavaa kanga, na hapa ufundi wangu umesaidia. Kwa kila mapacha wawili wa sauti tunanunua doti moja. Naikata katikati, napinda pindo za pande zote mbili, kila mmoja anapata kipande chake. Jina la kanga tulilijadili wiki mbili nzima, maana kanga inasema, na jina la kumsema mtu lingetuvunja. Chagueni jina la dua au la safari, na wote mkubali kabla hela haijatoka.

Hela: sisi ni shilingi 1,000 kwa wiki, ya chai, usafiri na mfuko wa faraja, anatunza mweka hazina na matumizi yanasomwa kila mwezi mbele ya wote. Msikopeshane. Vikoba vifanyeni kwingine na watu wengine. Deni la mtu anayehama kesho litaua kwaya upesi kuliko uhamisho wenyewe. Mkitaka kutambulika, andikeni katiba fupi mkajisajili maendeleo ya jamii.

Msianzie jukwaa kubwa. Mara ya kwanza tuliimbia watoto wetu na mama wakwe watatu, darasani. Mara ya pili harusi ya binti wa mwenzetu, Nguvumali. Baada ya hapo ndipo tukafikiria Julai 25, Siku ya Mashujaa, na tulianza maandalizi miezi mitatu kabla, tukijua wazi kwamba wale tulioanza nao Aprili si wote tutakaomaliza nao. Wanne walihama katikati. Tulisimama siku ile tukiwa na wageni watano, wote wanajua kiitikio.

Uhamisho ukitoka

Anayehama aseme mapema anavyoweza, na msimwulize anakwenda lini hasa wala kwa basi gani. Jumanne yake ya mwisho anasimama katikati, anaanzisha wimbo anaoutaka, na pacha wake anauchukua ubeti wa pili. Msimfanyie hotuba, ana vyombo vya kufunga. Hakikisha rekodi zote ziko kwenye simu yake na amejua namna ya kuzifungua bila bando. Mpe karatasi yenye maneno ya nyimbo na hesabu ya pumzi, nne kuvuta, nane kutoa. Kipande chake cha kanga anaondoka nacho.

Kwenye kundi la simu asitolewe. Aliyekwenda Tabora, yule wa kwaya ya kwanza, hatukumtoa, na baada ya mwaka ndiye aliyeniandikia: "Huku tuko sita. Naanzaje?" Nilimtumia rekodi ya kiitikio na nikamwambia atafute mahali nje ya geti.

Jumanne inayofuata baada ya mtu kuondoka, usipange upya watu wazibe nafasi. Mwache pacha aliyebaki asimame alipokuwa anasimama, na upande wa pili pawe wazi. Anzeni kwa pumzi. Mlango uacheni wazi pia, maana kota haikai tupu wiki mbili, na yule aliyehamia ndani yake anasikia kuimba na hajui kama anaruhusiwa kuingia. Mtume mtoto akamwite.